UMEFUNGA NINI?



Januari imefika na makanisa mengi hapa Kisumu yako kwenye mfungo wa siku 21. Ukimpigia mtu simu anakwambia, "Pasta, nimefunga." Nami hufurahi. Lakini leo tuliangalie hili neno FUNGA, maana tunalitamka kila siku bila kulisikia.

Pale Kibuye mama anafunga kibanda jioni. Kijana wa boda boda anafunga magunia kwa mpira. Kwenye matatu ya Bondo makanga anapiga kelele, "Fungeni mikanda, polisi wako mbele!" Anayeamka alfajiri kwenda Nairobi amefunga safari. Wawili waliosimama madhabahuni wamefunga ndoa. Gor Mahia wakifunga bao, Kondele hailali. Wakifungwa, usimsalimie mtu asubuhi. Aliyehukumiwa anafungwa Kodiaga. Upepo ukilisukuma gugumaji, linafunga ufuo na boti hazitoki. Na wewe usiyekula tangu jana, umefunga.

Neno ni hilohilo. Linafunga mlango, na linaanzisha safari. Ndiyo maana mtu akisema amefunga, ni haki kumuuliza: umefunga nini?

Angalia ziwa letu. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa. Wavuvi huumia, kina mama wanaoanika omena huumia, lakini sababu ni njema: samaki wapate nafasi ya kuzaana. Ziwa linafungwa ili uhai uongezeke. Mfungo wa kweli uko hivyo. Tumbo linafungwa ili mtu mwingine apate kuishi.

Sasa soma Isaya 58, sura yote. Watu wale walifunga vizuri tu. Hawakula, waliinamisha vichwa, walilalia magunia. Lakini siku hiyohiyo ya mfungo waliwabana wafanyakazi wao. Mungu akawaeleza kwamba mfungo anaoupenda ni ule unaofungua kamba za wengine. Kwa Kiebrania, kutokula na kufunga kwa kamba ni maneno mawili tofauti. Kiswahili kimeyaweka katika neno moja, kwa hiyo sisi hatuna kisingizio. Kila tukisema "nimefunga," neno lenyewe linatukumbusha kamba.

Na kwa Kigiriki cha Agano Jipya, kitenzi ambacho wanafunzi wengi wa vyuo vya Biblia hukutana nacho kwanza ni luo. Wajaluo, mmesikia sawasawa! Halihusiani na kabila letu, lakini maana yake ni KUFUNGUA. Ndilo neno lililoko Luka 13, habari ya yule mama aliyepinda mgongo miaka 18. Yesu alimuuliza mkuu wa sinagogi: ikiwa ng'ombe na punda hufunguliwa siku ya Sabato wakanywe maji, je, huyu binti wa Abrahamu abaki amefungwa?

Nataka swali hilo lishuke mpaka ufuoni kwetu.

Ndugu mwenye ploti, uko siku ya kumi ya mfungo, lakini kufuli lako liko kwenye mlango wa mjane, na sufuria na vitabu vya watoto wake viko ndani. Umefunga nini?

Dada, msichana wako wa kazi hajalipwa tangu Novemba. Umefunga nini?

Ndugu mvuvi, nawe nakusemesha kwa upendo. Jaboya tunaijua sote: mama hapati samaki mpaka autoe mwili wake. Ukimwimia samaki mpaka akubali, umemfunga, hata kama hukutumia kamba. Virusi vimepita njia hiyo na kuacha mayatima katika boma zetu. Hakuna siku 21 zinazofunika jambo hilo. Mwaka 2011 kina mama wa Nduru, hapahapa Kisumu, walianza kikundi cha No Sex for Fish ili wawe na boti zao wenyewe, wasimpigie mtu magoti kwa sababu ya samaki. Hiyo nayo ni Isaya 58.

Mpendwa, kati ya "nimefunga" na "nimefungwa" kuna herufi moja tu. Anayemfunga mwenzake amejifunga naye kamba moja.

Jioni saa kumi na mbili utafungua. Ndivyo tunavyosema: kufungua. Basi kabla hujafungua kwa uji, fungua kitu kingine. Toa kufuli lile. Tuma mshahara ule kwa simu. Mpe mama samaki wake kwa bei ya haki, aende nyumbani salama. Kisha kunywa uji wako kwa amani.

Tuombe: Bwana, tuonyeshe leo mtu tuliyemfunga, na utupe nguvu ya kumfungua kabla jua halijazama. Katika jina la Yesu, Amina.