Kilo Nne Zilizokataa Kutoka

Wako watu ambao, wakisikia kwamba mwenzao anahangaika kupunguza kilo nne tu za mwili wake, hucheka. Kilo nne ni kitu gani? Ni mfuko mdogo wa mchele ambao mtoto wa shule huubeba kutoka soko la Kimironko mpaka nyumbani bila ya kulalamika. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wachekaji hao, hadi siku nilipoambiwa kwamba mfuko huo naubeba mwenyewe, usiku na mchana, na sina mahali pa kuutua.

Ndugu wasomaji wanaoishi Kigali wanaijua vizuri Siku ya Bila Magari. Ilianza mwaka 2016, mara moja kwa mwezi, na baadaye ikawa mara mbili. Jumapili hiyo barabara kubwa hufungwa, watu wa kila umri wakatoka kukimbia na kutembea, na wauguzi hupima afya za watu bila malipo. Nilikwenda huko kumsindikiza mume wangu tu. Foleni ya kupimwa ilikuwa fupi, nikasimama. Mizani ilionyesha kilo 69. Urefu wangu ni mita 1.62. Muuguzi akaugawa uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akapata 26.3. Mpaka wa uzito unaofaa ni kuwa chini ya 25; yaani kilo nne tu zilinitenga na hali ya salama. Shinikizo la damu nalo lilikuwa limeanza kupanda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Dada, kwenu yuko aliyeugua sukari?”

Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Mama yangu mzazi aliugua sukari kwa miaka kumi na mmoja. Ni mimi niliyekuwa nikimwosha mguu wenye kidonda kisichopona, na ni mimi niliyetia sahihi karatasi za hospitali siku alipokatwa vidole. Naye alianza hivi hivi: mwanamke mwenye afya, aliyesifiwa na kila mtu kwamba amenawiri.

Nilipofika nyumbani nilijiuliza kilo hizo zimetoka wapi. Mimi nina cheti cha ualimu, na kwa miaka sita nilifundisha shule ya msingi. Mwalimu wa darasa la pili haketi. Hutembea baina ya madawati tangu kengele ya asubuhi mpaka ya alasiri. Kisha nikapata kazi katika ofisi ya wilaya, nikapewa meza, kiti na majalada. Miguu ilipumzika, lakini mdomo haukupewa habari hiyo. Nikaendelea kula kama mwalimu na kukaa kama karani. Juu ya hayo nikajifungua mtoto wa pili.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa njaa. Niliacha chakula cha usiku, na asubuhi nikanywa chai kavu. Katika wiki mbili kilo mbili zilipungua, nikafurahi kupita kiasi. Wiki ya tatu mizani ikasimama. Wiki ya tano kilo zote mbili zilikuwa zimerudi, maana kila ilipofika saa tatu ya usiku nilijikuta jikoni nikila ukoko wa sufuria nikiwa nimesimama, kana kwamba chakula cha kusimama hakihesabiwi. Mbaya zaidi, hasira zilinipanda. Jioni moja nilimfokea mwanangu mpaka akalia kwa sababu ya kikombe cha uji kilichomwagika. Uji wenyewe nilikuwa nikiutamani.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili halikunipata mimi peke yangu. Katika mwaka 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Miili yao ilianza kubana matumizi: mapigo ya moyo yakapungua, wakahisi baridi, wakawa wakali, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Mwili haujui kwamba mwenyewe anataka tu kupendeza au kuepuka maradhi; unadhani umefikiwa na njaa, nao hujilinda.

Katika siku hizo za njaa ndipo nilipomwudhi mama mkwe wangu. Tulikwenda kumwamkia huko Rwamagana. Akatupakulia ndizi, maharage na isombe, akaniletea na maziwa. Nikasema nimeshiba. Akaniangalia, kisha akasema: “Mwanangu, umekonda. Je, huyu mwanangu anakutesa? Au chakula chetu cha kijijini hakikufai tena?” Nilicheka kwa aibu, lakini yeye hakucheka. Kwetu mwanamke aliyejaa ni sifa ya nyumba yake, na anayekonda huulizwa anaumwa nini au amekosewa nini na mumewe. Na anayerudisha maziwa ya mwenyeji huwa ameurudisha na ukarimu wake. Njiani mume wangu hakusema neno mpaka tulipoingia Kigali.

Nikaona sina budi kutafuta njia nyingine. Nikanunua daftari la kurasa 48, nikaandika kila kilichopita mdomoni, kama nilivyokuwa nikiandika mahudhurio ya wanafunzi. Baada ya wiki moja daftari lilinipa jibu. Mwizi alikuwa kikombe cha chai. Nilikuwa nikinywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, na kijiko kimoja kina gramu nne hivi. Jumla gramu 48, ambazo ni kalori zipatazo 190. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 50 hivi, na kwamba ni bora zaidi isipite gramu 25. Mimi niliukaribia mpaka huo kwa chai peke yake, kabla ya andazi na soda.

Mwizi wa pili alikuwa chakula cha mchana cha melanje. Anayefanya kazi mjini anakijua: hulipa mara moja na hujipakulia mara moja, kwa hiyo kila mtu hujenga mlima juu ya sahani ili fedha yake isipotee. Wali, viazi, ndizi na tambi hukutana mahali pamoja. Sikuacha kwenda, bali niligeuza utaratibu: kwanza nusu ya sahani mboga za majani, kisha maharage, kisha aina moja tu ya wanga. Wenzangu walinicheka kwamba nawafaidisha wenye hoteli. Niliwajibu kwamba ni heri hasara hiyo iwe ya mfuko kuliko kuwa ya mwili.

Jioni niliacha pikipiki, nikatembea kutoka mjini mpaka Nyamirambo kupitia Biryogo, kilomita tatu hivi. Mwendo huo huteketeza kalori kama 150 kwa mtu wa uzito wangu, karibu sawa na zilizomo katika chupa moja ndogo ya soda. Hapo nilielewa kwamba anayetembea jioni na kujituza soda anapofika hajaenda popote.

Hata hivyo mizani haikunihurumia. Kwa wiki tano haikusogea, na siku moja ilipanda kwa kilo nzima baada ya arusi niliyokula nyama yenye chumvi nyingi. Nilitaka kukata tamaa, mpaka nilipofahamu kwamba maji ya mwili peke yake huweza kuupandisha na kuushusha uzito kwa kilo moja au mbili. Nikachukua futi ya fundi cherehani. Kiuno kilichokuwa sentimita 90 kilikuwa 86. Mafuta ya tumboni, ambayo ndiyo hatari kwa sukari na moyo, yalikuwa yakipungua huku mizani ikinidanganya.

Tuliporudi Rwamagana, sikusema nimeshiba. Nilipokea maziwa nusu kikombe, nikala maharage na isombe, kisha nikamweleza mama mkwe habari za mguu wa marehemu mama yangu, ambazo sikupata kumsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. “Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Nilidhani umetudharau.” Kisha akauliza hiyo Jumapili ya kupimwa bure huwa lini. Alikuja, akapimwa, akaambiwa shinikizo lake liko juu na kwamba afike kituo cha afya. Leo anatumia dawa.

Nami? Baada ya miezi minane mizani inasoma kilo 67. Kilo mbili zimetoka, mbili zimebaki, na huenda zikabaki muda mrefu. Shinikizo la damu limeshuka. Kina mama wenzangu, haba na haba hujaza kibaba: kilo hizi ziliingia kijiko kwa kijiko, nazo hazitoki ila kwa njia hiyo hiyo. Anzeni na kikombe cha chai. Na msifanye siri yenu mbele ya wanaowapenda, maana anayekupakulia chakula hawezi kukusaidia ikiwa hajui unachokiogopa.