Makaburi ya Wanubi, Kibera

Mgeni afikaye Kibera, kusini-magharibi ya mji wa Nairobi, kwa kawaida huonyeshwa wingi wa watu na jinsi nyumba zilivyosongamana. Ni wachache waonyeshwao makaburi ya Wanubi. Nayo ndiyo yaelezayo mwanzo wa mahali hapo.

Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Tangu mwaka 1904 hivi walikaa katika msitu huu, wakauita Kibra, maana yake katika lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 eka 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Askari wale walijenga, walilima, walizaa, na hatimaye walizikwa papo hapo. Lakini hati ya kumiliki ardhi hawakupewa.

Mtu aingiapo makaburini hupunguza sauti, na Mwislamu huwasalimu waliolala kama awasalimuvyo walio hai. Maiti huvishwa sanda, hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea Kibla, ambayo kwa mtu wa Nairobi ni upande wa kaskazini. Sajini na mpishi wake hulala sawasawa.

Usawa huo wajulikana pia kwa Wakristo wa dhehebu la Marafiki, waitwao Waquaker. George Fox, mwanzilishi wao, alizikwa London mwaka 1691, na Marafiki wa zamani walikataa mawe makubwa juu ya makaburi, ili tajiri asijitukuze hata mautini. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Marafiki wa Kenya ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote.

Ng'ambo ya barabara ya Ngong, katika Kawangware, wanakaa Waluhya wengi, na baadhi yao ni Marafiki. Mmoja wao akifariki, jamaa na majirani huchanga fedha, jeneza hupakiwa garini, na safari ya kilomita zaidi ya 300 huanza kwenda Vihiga au Kakamega, akazikwe kwao. Ingawa aliishi mjini miaka 40, Kawangware haikuwa kwao.

Mnubi hana safari hiyo. Jeneza lake huchukuliwa mabegani kutoka msikitini, na baada ya mwendo mfupi amefika kwao. Ndiyo sababu, kila waliposhitakiwa kuwa wageni, wazee wa Kinubi waliyataja makaburi haya. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya eka 288. Ni sehemu ndogo ya zile za kwanza, lakini ni hati.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kujua kwao mtu ni wapi, usitazame tu mahali alipojenga nyumba. Uliza pia babu yake amelala wapi.