Malkia wa mipasho aliyepanda Karatu kwa kanda

Mapema miaka ya 1990, sisi wa Karatu tuliijua pwani kwa redio. Barabara ya kutoka Makuyuni ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na kikundi cha sanaa chenye wasanii tele na mizigo ya vyombo kilikuwa na kila sababu ya kuishia Arusha mjini. Taarabu ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kanda, mabegini mwa makondakta na wachuuzi wa vitunguu vya Mang'ola.

Shangazi yangu alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka, na redio kaseti juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa ameishi Tanga, kwa hiyo ndiye aliyetufungulia mafumbo. Khadija Kopa, malkia wa mipasho, akiimba, wateja walinyamaza. "Sikilizeni, hapo kuna mtu anaambiwa," alikuwa akisema, kisha akiwaeleza kina mama kwa Kiiraqw ni nani anayepigwa kijembe: wifi, mke mwenza au jirani mwenye maneno. Kicheko kilichelewa kidogo, lakini kilikuja.

Picha kamili niliipata nilipokwenda Dar es Salaam kusoma. Kumbe taarabu ilikuwa sehemu tu ya onyesho. Ilianza ngoma, ikaja sarakasi, kichekesho, igizo, na watu wakiwa wameshachemka ndipo Bi Khadija akapanda. Hakuwa mwimbaji wa kusimama penye kipaza sauti akatulia. Aliigiza kila ubeti kwa jicho, kwa bega, kwa kuvuta neno hadi ukumbi umalizie wenyewe. Wanawake walitoka vitini na noti mkononi kwenda kumtuza, na njiani wakampitia waliyemkusudia, wakimtikisia noti usoni. Nusu ya mchezo ilikuwa huku kwetu chini.

Mwenyewe alitokea Zanzibar, akaanzia Culture Musical Club mwaka 1990, kisha akavuka bahari. Bara kulikuwa na mafahari wawili: Muungano ya Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, yaani TOT, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, mwanajeshi na mtunzi wa nyimbo za kwaya. Ushindani wa Khadija na mwimbaji mwenzake Nasma Khamis ulijaza kumbi kuliko mechi nyingi za mpira.

TOT ilikuwa ya CCM, nayo ilizaliwa mwaka uleule vyama vingi vilipohalalishwa. Sihitaji kueleza ilikuwa ya kazi gani. Hapo watu wa Karatu wananifurahisha mpaka leo: kanda za TOT zilipigwa kila duka, watu wakacheza, na mwaka 1995 wakampeleka bungeni Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA, wakamrudisha hadi 2010. Waliotegemea wimbo ulete kura waliwadharau wasikilizaji.

Lami ilipofika lango la Ngorongoro miaka ya 2000, sanaa ya jukwaani ilibadilika kwa namna ambayo shangazi hakuitarajia. Zilikuja hoteli. Vijana wanaojua ngoma wakapata kazi ya kuwachezea wageni wanaotoka kutazama kreta, ngoma ya kutwa nzima ikafupishwa iishe kabla ya chakula cha jioni. Siwalaumu, ada ya shule hailipwi kwa vigelegele. Lakini kichekesho na igizo havina mteja hotelini, kwa kuwa mgeni haelewi lugha.

Komba alifariki Februari 2015. Mwaka 2020 binti wa Khadija Kopa, Zuchu, alitambulishwa na lebo ya muziki ya WCB Wasafi, na mwaka huohuo mama na mwana wakaimba pamoja "Mauzauza". Vijana wa bodaboda Karatu wanamsikiliza Zuchu kwenye simu. Mtazameni anavyolitumia jicho na bega: shule yake ni lile jukwaa la mama yake.

Mengi ya maonyesho yale yamebaki kwenye kanda zinazoliwa na ukungu majumbani. Mwenye nazo, Karatu, Oldeani au kwingineko, asizitupe. Awape vijana wazihamishie kwenye kompyuta zingali zinalia.