Fundo la Leso

Siri ya mtungi aijuaye kata, walinena wahenga. Mchuuzi mmoja wa omena mjini Homa Bay aliyaishi maneno hayo kabla hajaijua simu. Wateja wake wa Migori walipomlipa, dereva wa matatu ndiye aliyezibeba noti kupitia Rongo, naye mama akazifunga katika pindo la leso. Kiasi alikijua yeye na fundo lake.

Mwezi wa Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na safari ile ya noti ikakoma polepole. Mteja humkabidhi wakala wa Migori fedha taslimu, akazituma kwa simu, na punde ujumbe humfikia mama. Aghalabu watu hudhani kwamba fedha zimo ndani ya simu. La hasha! Simu ni mlango tu. Shilingi zenyewe huhifadhiwa benki kwa amana, na hesabu ya kila mtu hutunzwa katika mitambo. Simu ikizama ziwani, laini hurudishwa na akiba huwapo. Nambari ya siri haionwi na anayelipwa, wala wakala haijui. Pochi za simu zibebazo kadi, mathalani Apple Pay iliyoanza mwaka 2014, hufuata busara iyo hiyo: nambari halisi ya kadi hufichwa nyuma ya nambari mbadala, muuzaji asiione.

Hata hivyo, mitambo hailindi kilichokwisha kutamkwa. Jioni moja sauti ngeni ilimpigia, ikamwita "mama" kwa unyenyekevu, ikadai kwamba laini yake ingefungwa. Ikamwomba nambari ya kitambulisho na zile tarakimu nne. Akazitaja. Muda si muda laini yake ikanyamaza, ikahamia mikononi mwa mwingine, na karo ya mjukuu ikatoweka.

Mama huyu hakuwa mjinga. Alilelewa kuamini kwamba kumficha jambo anayekuita mama ni kumtukana. Mwizi hakuvunja mlango. Alibisha hodi kwa lugha ya heshima.

Siku hizi, mama akienda kwa wakala, mjukuu humsaidia kufika penye nambari ya siri, kisha humgeukia ziwa. Zamani kumpa mzee kisogo kulikuwa utovu wa adabu; leo kisogo hicho ndicho adabu yenyewe. Naye mama hubonyeza tarakimu zake mpya taratibu, mithili ya afungaye fundo.