Sabini kwa Siku, Thelathini na Sita kwa Mwezi

Muulize kijana wa bodaboda pale Kayole Junction simu yake ni pesa ngapi, atakujibu, "Sabini kwa siku." Muulize Mkenya mwenzangu hapa Manchester, naye atasema, "Thelathini na sita kwa mwezi." Wote wawili wamekutajia kile wanachotoa mfukoni, bei yenyewe hakuna aliyeigusa. Si kwamba wanaficha. Siku ya kununua waliuliza swali moja tu, kama wataweza kulipa kidogo kidogo, na muuzaji alifurahi sana kuulizwa hilo na si lingine.

Mimi ni mtoto wa Umoja, Eastlands ya Nairobi, na watu wa nyumbani wana imani moja kuhusu huku ambayo haitaki kufa: kwamba Uingereza ukisaini mkataba na kampuni ya simu unapewa simu ya bure, na ukiichoka baada ya miaka miwili unapewa nyingine. Ndiyo maana kila Desemba jumbe zinamiminika WhatsApp, "Si utuletee hiyo yako ya zamani, wewe utapewa mpya." Ngoja niwaeleze jinsi hiyo "bure" inavyolipwa.

Kampuni ya simu hapa hukuuzia vitu viwili kwa bili moja, kifaa chenyewe na laini yenye dakika na data. Tuchukue mfano wa bili ya pauni 36 kwa mwezi kwa miezi 24. Ndani yake, tuseme, pauni 24 ni za simu na 12 ni za laini. Kwenye mikataba mingi ya zamani mgawanyo huo hukuuona, uliona 36 tu. Mwezi wa 24 ukiisha, simu umeilipia yote, pauni 576. Sasa bili ilipaswa kushuka hadi 12, lakini hakuna aliyeiambia ishuke. Mwezi wa 25 ilikuja 36 ileile, na wa 26, na kuendelea, mpaka siku uliyopiga simu kuulizia.

Mwaka 2017 shirika la Citizens Advice lilikagua jambo hili likakuta wateja wa kampuni tatu kubwa waliopitisha muda wa mkataba walikuwa wakitozwa wastani wa pauni 22 zaidi kila mwezi kwa simu ambazo tayari walikuwa wamemaliza kuzilipia. Pauni 22! Hiyo kwa wengi wetu ni matumizi ya mama kule kijijini kwa siku kadhaa, inatoka kwenye akaunti kimyakimya kwa sababu tu mtu hakuangalia tarehe. O2 walikuwa wametenganisha malipo ya simu na ya laini tangu 2013, kwa hiyo haikuwa kazi isiyowezekana. Wengine hawakuona haraka.

Mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, aliingilia baadaye. Tangu Februari 2020 kampuni lazima imjulishe mteja kabla mkataba haujaisha, kati ya siku 40 na 10. Desemba 2021 ikapigwa marufuku kuuza simu iliyofungiwa mtandao mmoja. Na tangu Januari 2025, mkataba mpya hauruhusiwi kupandisha bili kwa kufuata mfumuko wa bei, nyongeza yoyote lazima iandikwe tangu siku ya kwanza kwa pauni na peni.

Sheria nzuri. Ila wauzaji nao hawalali. Taarifa ya kukuambia umemaliza deni mara nyingi huandamana na ofa ya simu mpya, na maneno matamu kwamba umestahili. Umestahili nini? Umestahili deni lingine la miaka miwili, siku hizi hata mitatu.

Wakenya wenzangu waliokaa huku muda mrefu hawaingii mtego huo. Simu ikimalizika kulipiwa wanaibakiza, kisha wanahamia laini peke yake, mkataba wa mwezi kwa mwezi. Lebara wanatumia minara ya Vodafone, giffgaff ya O2, Smarty ya Three, kwa hiyo ni mitandao ileile kwa pesa kidogo zaidi. Nambari yako unahama nayo. Na sababu ya kubadilisha simu kila baada ya miaka miwili imezidi kufifia: Google waliahidi Pixel 8 ya 2023 masasisho ya miaka 7, na Samsung wakaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24 ya 2024. Simu yenye ahadi ya miaka 7 unaitupa mwaka wa pili kwa nini?

Turudi Eastlands, ambako mambo yamepinduka. Sisi hatuna mkataba wa laini. Laini ni kredo na bando, ukiishiwa unaokolewa na mkopo wa kredo wa Okoa Jahazi, na ukichukizwa na mtandao unanunua laini nyingine pale dukani. Katika hilo mtu wa Dandora ana uhuru ambao Mwingereza aliupata kwa kupiganiwa na mdhibiti. Lakini mkataba haukupotea, umehamia ndani ya simu yenyewe.

Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: unatoa malipo ya kwanza, halafu shilingi 20 kwa siku, na simu ya 4G inakuwa yako hatua kwa hatua. M-KOPA, walioanza na umeme wa sola, wakaingia kwenye simu. Kampuni iitwayo Watu, tuliyoijua kwa mikopo ya pikipiki, ikaja na Watu Simu. Leo huwezi kushuka matatu kwenye steji yoyote kubwa ya Outering Road usikutane na mwavuli wa rangi na vijana wenye fulana za kampuni. Kitambulisho, nambari ya M-Pesa, dipoziti, na baada ya muda mfupi unaondoka na simu mfukoni. Hakuna anayekuuliza hati ya mshahara. Kwa mama mboga wa Mutindwa ambaye benki haijawahi kumtazama usoni, hilo si jambo dogo, na wanaowaita wote hawa wezi hawajawahi kuishi kwa kipato cha kila jioni.

Dhamana ni simu yenyewe. Ndani yake kuna kufuli la programu. Samsung wana mfumo uitwao Knox Guard, Google nao wana wao. Usipolipa, skrini inageuka kuwa tangazo la deni. Kumpelekea fundi aifute kila kitu hakusaidii, kwa sababu kufuli limefungwa kwa nambari ya utambulisho ya simu, na simu ikishika intaneti linarudi palepale.

Muone sasa yule kijana wa bodaboda. Jana kulinyesha, hakubeba watu wa maana. Asubuhi anaamka, simu imefungwa, na programu ya kuitia wateja imo humohumo. Hawezi kupata kazi bila simu, hawezi kufungua simu bila pesa ya kazi. Anamwendea mwenzake wa steji, anaazima mia, anailipia kwa simu ya huyo mwenzake kupitia M-Pesa, na baada ya dakika chache yake inafunguka. Jioni anarudisha mia, na kesho sabini nyingine inamngoja. Mimi huku nikichelewesha bili, naandikiwa, nakumbushwa, baadaye laini inakatwa, lakini simu inaendelea kufanya kazi kwa Wi-Fi. Adhabu yangu ni ya polepole na ya muda mrefu: doa hilo hukaa kwenye rekodi ya mikopo miaka 6, na mtu wa nyumbani aliyewahi kuogopa CRB anaelewa maana yake. Kwa mtu wa kipato cha siku, naona kufuli la Kayole linamfaa kuliko doa la Manchester. Linauma mara moja na kuachilia.

Na kuna jambo jingine ambalo Kayole imetushinda: deni lina mwisho. Siku zikitimia, kufuli linaondolewa, na hakuna mwezi wa 25 wa kulipia hewa.

Mahali tunapoumia nyumbani ni bei ya muda. Nipige hesabu ya mfano tu, kila mtu aweke tarakimu zake. Simu inauzwa taslimu 18,000. Kwa mkopo ni dipoziti 3,000 na sabini kwa siku kwa mwaka mzima. Sabini mara 365 ni 25,550, ongeza dipoziti, 28,550. Tofauti ni 10,550, yaani umenunua simu moja na zaidi ya nusu ya nyingine ambayo hutaiona. Hukuhisi, kwa sababu sabini ni chai na mandazi.

Sasa watu kumi na wawili wa ploti moja, au wa steji moja, wafanye chama. Kila mmoja atoe 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni 18,000, simu moja kila mwezi kwa bei ya taslimu, bila riba, bila kufuli. Shida iko kwa wa mwisho kwenye foleni, atakayesubiri mwaka mzima akiwa na simu yake ya kabambe. Mpeni nafasi hiyo mwenye simu inayopumua bado, na ya kwanza mpeni mwenye kazi inayodai simu. Akina mama wa Eastlands wamenunua masufuria, mitungi ya gesi na hata viti vya kupumzikia kwa njia hiyo, sioni kwa nini simu iachiwe mwavuli.

Kama hamna chama, kuna simu zilizotumika za ex-UK mjini, hasa Luthuli Avenue. Baadhi zinatoka kwa watu kama sisi, tuliorudisha simu nzima ili tupunguziwe mkataba mpya. Ni simu nzuri, mara nyingine zinazoishinda mpya ya bei hiyohiyo. Lakini usitoe pesa kabla hujapiga *#06# na kulinganisha nambari na ya kwenye risiti, hujatazama afya ya betri, na hujahakikisha akaunti ya mwenye simu wa zamani imeondolewa. Iunge kwenye intaneti, izime, iwashe tena ukiwa umesimama palepale. Mtaani kuna simu zinazouzwa mkononi zikiwa na deni la mtu, na kufuli likishuka utafungiwa wewe.

Na kabla ya hayo yote, mpelekee fundi. Huku Manchester kubadilisha kioo kunaweza kukugharimu kiasi cha kukufanya uone bora uchukue mkataba mpya, na hapo ndipo biashara yao inaposimama. Nyumbani, kibanda cha fundi kiko kila kona, na betri mpya au tundu la chaji ni kazi ya mchana mmoja kwa pesa chache. Simu nyingi zinazoitwa "mbaya" zina betri iliyochoka na memori iliyojaa video za WhatsApp.

Mkilazimika kwenda kwenye mwavuli, nawaomba jambo moja. Msiulize ni ngapi kwa siku. Mwambieni yule kijana aandike kwenye karatasi dipoziti, idadi ya siku, jumla yote, bei ya taslimu ya simu hiyohiyo, na kama mkimaliza mapema mtapunguziwa kiasi gani. Akisitasita kuandika, mwacheni hapo na mwende kwa jirani yake. Miavuli ni mingi.