Pampu inaendelea, moyo umevurugika

Leo naweka PHP kando kidogo. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma habari za pampu ya moyo, ile mashine ambayo wapasuaji huifunga kwenye ncha ya moyo uliochoka. Inafyonza damu kutoka chumba cha chini cha kushoto na kuisukuma hadi kwenye mshipa mkuu. Waya unatoka tumboni hadi kwenye kompyuta ndogo kiunoni, yenye betri mbili. (Ndiyo, hata mimi swali la kwanza lilikuwa: stima ikipotea je?)

Lakini kilichonikosesha usingizi si betri, ni mapigo. Pampu za kisasa hazidundi kama moyo, zina rota inayozunguka. HeartMate II ilizunguka karibu mara 9,000 kwa dakika. Damu inapita mfululizo, na mara nyingi ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono huhisi pigo lolote, naye yuko hapo anakuongelesha!

Sasa sikiliza hii. Mimi na wewe, chumba cha chini cha moyo kikianza kutetemeka badala ya kupiga, tunazimia kwa sekunde chache, na bila msaada tunakufa ndani ya dakika. Mwenye pampu anaweza kufika hospitali akilalamika kizunguzungu na uchovu tu. Majarida ya tiba yameeleza wagonjwa wa namna hiyo: mtu yuko macho, ECG yake ni fujo tupu.

Sisi wa programu tunaijua hali hii. Seva kuu imeanguka, ya akiba imeshika kazi, watumiaji hawajanusa kitu. Ila akiba hii ni nusu. Pampu inabeba upande wa kushoto pekee. Upande wa kulia, unaopeleka damu mapafuni, hauna msaidizi. Ukitetemeka, damu inayofika kushoto inapungua, na pampu inabaki kufyonza ukuta wa moyo wenyewe. Ukuta ukiguswa hivyo, mdundo unaweza kuvurugika zaidi. Kitanzi kisicho na mwisho! Ndiyo maana programu ya HeartMate II, ikihisi dalili za kufyonza hivyo, hushusha kasi yenyewe kisha kuipandisha polepole. Hapo niliwavulia kofia.

Pampu zenyewe zimepiga hatua. Katika utafiti wa REMATCH wa 2001, asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 25 waliotumia dawa tu. Matokeo yaliyotolewa 2022 yalionyesha asilimia 58 ya wenye HeartMate 3 hai baada ya miaka mitano. Hata hivyo, wanaopata midundo mibaya mapema baada ya upasuaji wameonekana kufa zaidi. Moyo unaotetemeka umefichwa tu, haujapona.

Na kile kifaa cha kushtua moyo, ambacho wengi wao tayari wanacho kifuani? Kinapiga umeme mtu akiwa macho. Madaktari bado wanabishana kama kinawaongezea maisha wenye pampu, na wengi hukipanga kisubiri zaidi kabla ya kupiga. Mimi nakubaliana nao. Ukiwa na akiba, unapata muda wa kuuliza kabla ya kuzima na kuwasha.

Wahudumu wa dharura nao, wakikuta mgonjwa kama huyo amelala kimya, hufundishwa wasitegemee mapigo ya mkononi. Wanaweka chombo cha kusikilizia kifuani na kutafuta mvumo wa mota.