Redio Hufuata Mpira

Mtajie shabiki mzee wa Pittsburgh Steelers miaka ya 1970, na haitachukua muda atafika kwa Mike Webster. Atakusimulia mikono yake: baridi ya Desemba, wenzake wamejikunyata kwenye makoti pembeni mwa uwanja, na Webster yuko katikati mikono wazi, misuli imetuna, jezi imembana hata adui hapati pa kushika. Atakusimulia pia jinsi alivyokuwa akitoka kwenye kikao kifupi cha wachezaji na kukimbia, wala si kutembea, kwenda kuinama juu ya mpira. Kwa asiyeufuata mchezo huu wa Kimarekani, Webster alikuwa mtu wa katikati kwenye mstari wa watu watano wanaomkinga kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira. Huupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, na kabla hujapepesa jicho amekwishagongana na mtu mwenye uzito wa zaidi ya kilo 100. Mpira haumrudii tena. Aliifanya kazi hiyo Pittsburgh kwa misimu 15 tangu 1974, michezo 220, akatwaa Super Bowl, ubingwa wa ligi, mara 4, wala hakuna safu ya takwimu za siku zile inayoonyesha alichokifanya. Hata hivyo hakusahaulika. Jezi yake namba 52 haijastaafishwa rasmi, lakini klabu haijampa mtu mwingine aivae.

Sasa geuza macho nyumbani. Mwaka 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola kucheza na Zambia, ikatoka sare ya 1-1, na sare hiyo ikaipeleka Tanzania fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Lagos. Hata kijana aliyezaliwa miaka 20 baadaye analijua jina la Peter Tino, aliyefunga bao la Tanzania siku ile. Lakini kikosi kilichofika Lagos kilikuwa na beki wa kati, Jella Mtagwa, na kilikuwa na Leodegar Tenga, beki ambaye wengi wanamfahamu zaidi kama rais wa zamani wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kuliko kama mtu aliyewahi kumkaba mshambuliaji. Au chukua Julai 19, 1977, Simba 6, Yanga 0. Mabao matatu ya Abdallah Kibadeni yamehesabiwa na kuhesabiwa tena kwa karibu nusu karne. Tunasahau kwamba siku ile Yanga haikupata hata bao la kufutia machozi. Kuna watu waliolizuia. Uliza majina yao kijiweni, kisha usikilize ukimya utakaofuata.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba sisi tunapenda chenga na mabao, na kwamba Mmarekani anaithamini kazi ya jasho kuliko sisi. Silikubali. Watu waliojipatia neno kama “kitasa” la kumwita beki asiyepitika hawawezi kuambiwa hawajui thamani ya beki. Sababu naiona kwenye chombo kilichotuletea mchezo. Kwa miongo mingi mpira wetu ulikuja kwa redio, na redio haina njia nyingine ila kumfuata mwenye mpira. Kenya wana ushahidi ambao umegeuka msemo: “Kadenge na mpira”, maneno ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela yaliyoishi kuliko mechi zenyewe. Mchezaji mwenyewe, Joe Kadenge, alifariki mwaka 2019, lakini hata wasiowahi kumwona akicheza wanayasema maneno hayo. Ukiyatazama vizuri, msemo wenyewe ni kanuni ya kumbukumbu yetu: jina huenda pamoja na mpira. Aliyesogea hatua mbili kushoto akafunga njia, mpira ukapelekwa kwingine, mtangazaji hakuwa na nafasi ya kumtaja. Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi 1994. Vizazi vizima viliiona Simba na Yanga kwa masikio.

Kule Marekani, kamera ilikwishaingia mapema. Paul Brown, kocha wa Cleveland, alikuwa akiwapa wachezaji wake alama kwa kutazama filamu za mechi tangu vita vikuu vya pili vilipokuwa bado habari mpya. Filamu ya kocha hupigwa kutoka juu na huwaonyesha wote 22, kwa hiyo mtu wa mstari hupimwa kila wiki hata kama hakuna shabiki aliyemwona. Miaka ya 1960 Ed Sabol akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa NFL Films, na kwa mwendo wa pole kamera zake zikamwonyesha shabiki mambo ambayo hata aliyekuwa jukwaani hakuyawahi: pumzi inayofuka, udongo kwenye vidole, mtu anayemsukuma mwenzake hadi nafasi ifunguke. Mwaka 1976 Franco Harris na Rocky Bleier wa Steelers walikimbia kila mmoja zaidi ya yadi 1,000 katika msimu mmoja. Kwa redio, hizo ni yadi za Harris na Bleier. Kwa filamu unaona zinakotoka: mlinzi wa adui anaachwa apenye kwa makusudi, anadhani amepata mlango, kumbe mtu mwingine wa mstari anamjia kutoka ubavuni, na mkimbiaji anapita pale pale mlinzi huyo alipokuwa amesimama.

Nitaambiwa kwamba hayo yote ni fedha, nasi hatuna. Fedha zina sehemu yake. Jumba la kumbukumbu la magwiji wa mchezo huo kule Canton, Ohio, lililofunguliwa 1963, halikujengwa kwa maneno. Lakini chukua habari ya kumwangusha kwotabeki kabla hajautupa mpira, kazi kuu ya watu wa mstari wa ulinzi. Ligi yao, NFL, ilianza kuihesabu rasmi mwaka 1982. Kwa maandishi ya ligi, Joe Greene, nguzo ya ukuta ule wa Pittsburgh, alistaafu mwishoni mwa 1981 bila kumwangusha mtu hata mmoja. Waliosahihisha jambo hilo ni watafiti wapenzi wa mchezo, waliokaa miaka wakipitia ripoti za mechi za zamani, tukio moja baada ya jingine. Mwaka 2021 hesabu zao zikachapishwa mtandaoni, zikirudi nyuma hadi 1960, na ndipo dunia ikaona kwamba Al Baker wa Detroit aliangusha makwotabeki mara 23 mwaka 1978, akiwa mgeni kabisa kwenye ligi. Hesabu hiyo si rasmi hadi leo. Ilihitaji subira na karatasi zilizotunzwa, zaidi ya ilivyohitaji benki. Wapo pia watakaosema soka ni tofauti kwa sababu beki wetu huugusa mpira. Huugusa, ndiyo, ila beki mzuri humaliza nusu ya kazi yake kabla mpira haujafika.

Pingamizi zito liko kwingine, na linanisumbua. Webster aliyekumbukwa hivyo aliishije? Aliingizwa Canton mwaka 1997, Terry Bradshaw, aliyekuwa kwotabeki wake, akimtambulisha kwa furaha, na katika miaka hiyohiyo alikuwa akilala ndani ya gari lake, kumbukumbu zake mwenyewe zikimponyoka. Alifariki Septemba 24, 2002, akiwa na miaka 50. Aliyeuchunguza mwili wake, Dk. Bennet Omalu, Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, hakuwa mfuatiliaji wa mchezo huu. Ubongo ulionekana wa kawaida kwa macho. Akaugharamia mwenyewe ukatwe vipande vyembamba, akavitazama kwa darubini, akakuta protini ya tau imejikusanya mahali ambapo kwa mtu wa umri ule haikupaswa kuwa. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi walitaka makala ifutwe. Mji mzima ulimpenda Webster, na mgeni asiyekuwa na picha yake kichwani ndiye aliyeona alichofanyiwa.

Siwezi kulikwepa hilo. Mashabiki wanaposema enzi ile ilikuwa na wanaume, wanasifu migongano ileile iliyouharibu ubongo wake. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya 1978, mtu wa mstari hakuruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja anapomkinga kwotabeki; alikinga kwa mabega, kifua na kichwa. Ukakamavu wanaousimulia ulikuwa na kanuni nyuma yake, na kanuni iliandikwa na watu. Lakini sikubali kwamba dawa yake ni kusahau. Familia yake iliposhinda kesi ya mafao ya ulemavu kwenye mahakama ya rufaa mwaka 2006, kilichowasaidia ni vyeti vya madaktari na tarehe zake, siyo hadithi za mikono wazi kwenye baridi. Kumbukumbu iliyoishia kwenye sifa ilimwacha garini. Ile iliyoandika alicheza michezo mingapi, aliumia nini na lini, ndiyo iliyomtetea, japo ilichelewa. Ndiyo maana ninaposema tuwakumbuke mabeki wetu siombi sanamu. Nataka tujue alicheza lini, dhidi ya nani, goti lilikwenda mwaka gani, nani alilipia matibabu.

Leo Azam TV inaonyesha ligi, na mtu anaweza kudhani tatizo limekwisha lenyewe. Kamera ya matangazo nayo hufuata mpira, kwa hiyo beki wa leo yuko hatarini kama wa jana. Wa jana ndio wanaohitaji haraka zaidi, kwa sababu wanaondoka. Wanaotaka kuanza wana pa kuanzia: magazeti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya magazeti ya zamani, na Nyaraka za Taifa zipo Upanga. Ripoti ya mechi, kama matangazo ya redio, hufuata mpira tangu aya ya kwanza: nani kafunga, dakika ya ngapi, kwa pasi ya nani. Halafu mwishoni, mara nyingi kwa herufi ndogo, kuna mistari miwili mitatu iliyoandikwa “Vikosi”. Hapo majina yote 11 yana ukubwa mmoja, na orodha huanza na kipa, wakafuata mabeki, wafungaji wakaja mwisho.